Weupe ndo ulikuwa chakula: kisa cha kabati la mgrivea Luchelele

Februari mwaka huu, saa moja asubuhi, mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye nyumba yake iko Luchelele karibu kabisa na maji alinipigia simu, hata shikamoo yangu hakuisubiri, akasema mwanangu njoo uangalie kabati lako linatoa unga. Nikamuuliza unga gani mama, akasema unga, kama wa udaga, nimefagia jana na leo upo tena.

Moyo ulinipiga paa. Niliacha kazi pale Mkuyuni nikachukua boda moja kwa moja mpaka kwake. Nilipopiga magoti na tochi ya simu nikaona vitundu vya duara vidogo kama kichwa cha pini kwenye milango miwili kati ya sita, na chini ya kila tundu kakifusi ka unga mweupe laini sana, ukiusugua na vidole unateleza kama poda ya mtoto mchanga. Kabati lina miezi saba tu tangu nilifunge ukutani. Naandika kisa chote kama kilivyokuwa pamoja na makosa yangu humo ndani, kwasababu mafundi wengi huku kanda ya ziwa siku hizi tunaombwa mbao nyeupe na wengi tunaichagua kama tunavyochagua mninga, na sio kitu kimoja kabisa.

Sebule ya huyu mama ina dirisha kubwa upande wa ziwa lakini nje kuna jiwe, yale majabali yetu ya Mwanza yale, limesimama pale linaziba karibu nusu ya mwanga. Ndani alikuwa na makochi ya mninga na kabati la zamani la mkongo, vitu vizuri vya maana lakini vyote vyekundu vyeusi, saa kumi jioni chumba kinakuwa kama stoo. Kwahiyo alipotaka kabati jipya la ukuta mzima alinionyesha picha kwenye simu, sebule ya Ulaya, mbao nyeupe ya ashi, akasema nataka hivi, nataka chumba kipumue. Na mimi nilimuelewa, aisee, kile chumba kilikuwa kinataka mbao ya namna hiyo kweli.

Sasa ashi na bichi sio miti ya huku, ukiitaka unaagiza Dar na bei yake kwa ukuta mzima ingemmaliza mama wa watu. Tukaanza kuzunguka na za kwetu. Paina tunayo, inatoka Buhindi kule Buchosa na nyingine inakuja mpaka kutoka Sao Hill, ni nyeupe, lakini ukiigonga na kucha inabonyea na vifundo vyake vinatoa gundi, kwa milango ambayo wajukuu watakuwa wanaipiga teke sikuitaka. Mtiki mzuri sana ila rangi yake ni ya dhahabu, afu bei. Mhumula kutoka Kagera nao ni mweupe ukiwa mbichi, ila ni mwepesi na ukikaa kwenye mwanga unabadilika kuwa kahawia, kwahiyo unamuuzia mtu rangi ambayo mwakani haipo (watu wanasikia neno mbao ngumu wanadhani lazima iwe nzito, kumbe linahusu miti ya majani mapana, na mhumula ni wa majani mapana lakini mwepesi kuliko paina nyingi). Mwembe niliufikiria kwa dakika mbili tatu, ndani mweupe mzuri ila unashika ukungu haraka kuliko mbao yoyote niliyowahi kupasua. Ukabaki mgrivea.

Mgrivea kila mtu anaujua hata kama hajui jina, ule mti mrefu wenye majani kama ya fern uliopandwa kwenye mashamba ya kahawa na migomba Kagera yote. Asili yake mashariki ya Australia, uliletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya kivuli cha kahawa na chai, na mkulima akiuchoka anauza. Mbao yake haina uzito wa mninga lakini ina nguvu ya kutosha kwa kazi za ndani, na ina kitu kimoja ambacho mbao zetu nyingi hazina: ile mistari inayotoka moyoni mwa gogo kwenda kwenye gome ni mipana, unaiona kwa macho. Ukipasua gogo kufuata hiyo mistari, yani uso wa mbao uelekee moyoni, inajitokeza madoa yanayong'aa kama magamba ya sato. Nilimwonyesha mama kipande, akakipeleka dirishani akakigeuza geuza, akasema ndo hii hii.

Hapo sijakosea bado. Mgrivea ulikuwa jibu zuri na mpaka leo nasema hivo.

Nilikosea siku ya kuchagua mbao zenyewe. Mzigo ulikuja Aprili na lori, masika yenyewe, umefunikwa turubai. Nikadai kibali cha kusafirishia cha TFS, wale wakala wa misitu, na risiti, vyote vipo, nikaona huyu muuzaji yuko vizuri. Nikamuuliza zimekauka? Akasema zina miezi miwili tangu zipasuliwe. Sikupima. Nilishika kwa mkono, nikagonga, nikasikia mlio, nikaridhika. Afu nikaanza kuchambua na kichwani nina ile picha ya simu, kwahiyo kila mbao nyeupe kabisa naweka kulia, kila yenye wekundu wekundu wa waridi naweka kushoto, na nyingi nilizonunua ni za kulia. Muuzaji alinishangaa, akaniambia fundi wewe wa kwanza kuziacha hizo zenye moyo. Nikamwambia mteja wangu anataka nyeupe.

Moyo wa mgrivea una rangi ya waridi kuelekea kahawia. Ile nyeupe ya krimu ni sehemu ya nje, karibu na gome, ambayo mti ukiwa hai inapitisha maji na inatunza chakula. Wanga. Mimi nilisimama pale nusu siku nachambua gogo kwa rangi, na kumbe nilikuwa nachagua wanga, kipande kwa kipande, nawapelekea wadudu.

Kuna jambo nalo lilitubana, harusi ya binti yake ilikuwa Julai na wageni wanalala pale. Kwahiyo mbao zilikaa karakana wiki tano tu ndo tukaanza kukata. Wiki ya kwanza zilikaa zimelaliana bila vijiti katikati kwasababu nilisafiri, nilipoziachanisha nikakuta mbao kama nane zina mabaka ya bluu na kijivu, ule ukungu unaoingia kwenye mbao mbichi nyeupe ukizibana bila hewa. Ukungu ule hauli nguvu ya mbao, unachora tu, lakini kwenye mbao nyeupe kuchora ndo uharibifu wenyewe maana hautoki kwa msasa, umeingia ndani. Nane zikaenda kwenye migongo ya kabati isikoonekana.

Kuhusu kufanya kazi yenyewe niseme mambo machache. Vumbi la mgrivea sio la kuchezea, una kemikali jamaa ya ile ya utomvu wa embe na ganda la korosho, dogo ninayefanya naye kazi alivimba mikono yote mpaka kiwiko siku ya tatu, toka hapo ni mikono mirefu na barakoa na kunawa kila tukimaliza, na msasa tunapigia nje. Kwenye randa, zile mbao zenye magamba zinang'oka ukizikimbiza, lazima kisu kiwe kipya na unachukua kidogo kidogo, unene wa karatasi, na mwisho unamalizia kwa kipande cha chuma cha kukwangulia badala ya msasa mkali, maana msasa unaziba ule mng'ao. Kuchimba tundu la ulimi, lile ambalo ncha ya mbao nyingine inaingia, ni raha, patasi inaingia kama kwenye jibini.

Milango niliitengeneza fremu na paneli, paneli inaelea kwenye mfereji bila gundi. Hapa namshukuru mzee aliyenifundisha kazi, yeye alikuwa anasema paneli ni mgeni mpe nafasi ya kugeuka usiku. Paneli za sentimita 40, na kwasababu mbao nyeupe ziko nje ya gogo nyingi zilikuwa zimepasuliwa bapa, sio kuelekea moyoni. Mgrivea ukipasuliwa bapa unasinyaa zaidi ya mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyoni. Kufika Septemba, kiangazi kimeshapiga, paneli zilikuwa zimesinyaa milimita 4 kila moja, mstari mwembamba usio na vanishi ukaonekana pembeni mwa fremu. Zote zilivumilia isipokuwa moja ambayo dogo aliweka tone la gundi kwenye kona ili isigonge gonge, hiyo ikapasuka katikati kuanzia juu mpaka chini. Hilo nilirudi nikarekebisha mapema na mama hakulalamika.

Vanishi tulitumia ya maji kwasababu ya mafuta inageuka rangi ya asali kila mwezi inavyozidi kukaa, na mbao nyeupe chini ya asali inakuwa njano mbaya. Tulifanya kosa la kusugua kati ya mkono mmoja wa vanishi na mwingine kwa stilwaya laini, vipande vya chuma visivyoonekana vikabaki kwenye vinyweleo vya mbao, vanishi ya maji ikavigusa, asubuhi mlango una vidoti vya kutu. Msasa wa nguo tu kwenye vanishi ya maji, jamani. Na siku nyingine tulipaka jioni, taa inawaka, madirisha wazi ili pakauke, ikaja ile mvua ya vijidudu vya ziwani, wenye nyumba za pembeni mwa ziwa wanaijua, wanakuja kama moshi. Mlango mzima ulikuwa na mabawa. Tukakwangua tukaanza upya mchana.

Yote hayo ni madogo. Turudi kwenye unga.

Siku ile ya Februari nilitoa milango yote sita nikaipeleka karakana, na kabla sijagusa kitu nikataka kujua kwanini miwili tu. Kwa macho nikaona vitundu viko kwenye ile krimu tupu, vinafika kwenye mpaka wa waridi vinakoma. Hakuna hata kimoja kimevuka. Dogo ndo akakumbuka kitu cha shule, lile jaribio la bayolojia la kuweka iodini kwenye jani kutafuta wanga, akasema bro tujaribu. Tukanunua iodini duka la dawa, tukarandua kipande kipya kionekane kibichi, tukapaka. Aisee. Ile sehemu nyeupe ikageuka nyeusi yenye ubluu palepale, na sehemu ya moyo ikabaki na rangi ya iodini yenyewe, kahawia. Mstari kati yao umenyooka kama umechorwa na rula. Nilikaa chini. Chupa ile ndogo ingenionyesha hivo hivo siku ile naziweka mbao kulia na kushoto.

Mdudu huyu ukoo wake ni mmoja na dumuzi, yule yule anayetumalizia mahindi kwenye vihenge, mama nilipomwambia hivo alielewa yote kwa mara moja kuliko maelezo yangu ya nusu saa. Jike linatafuta mbao ya majani mapana yenye vinyweleo vikubwa, lina mrija linauingiza kwenye kinyweleo linataga humo. Kiluwiluwi kinatoboa ndani kwa ndani miezi kadhaa kinakula ule wanga, juu huoni kitu, afu anatoka mkubwa na mabawa ndo unaona tundu na unga. Yani tundu ni mlango wa kutokea, sio wa kuingilia. Vanishi inamzuia asiingie kwasababu inaziba vinyweleo, haimuui aliyekwisha ingia. Kwahiyo mayai yale yaliwekwa kabla ya vanishi, ama kwenye yadi ama karakana kwangu, na mimi nikayafungia ndani nikayapaka mikono mitatu. Paina haipati shida hiyo kwasababu haina vinyweleo vya namna ile, na moyo wa mgrivea hauna chakula chake. Ni ule weupe tu.

Nilimfuata muuzaji. Alisema mbao zikitoka kwake zilikuwa safi, nikamwambia siwezi kubisha wala kukubali, ila kwenye yadi yake niliona rundo la magogo ya zamani ya mgrivea na gome lake, yana vumbi lile lile. Sikugombana naye. Alinipa mbao tano kama ubani na mimi nilizichukua. Nilichukua na kipande cha mbao mpya anayoiita kavu, nikakipima kwa mizani ya jikoni: gramu 128. Nikakiweka kwenye oveni ya jirani moto mdogo juu kidogo ya nyuzi 100, nakipima kila baada ya saa moja mbili mpaka uzito ukagoma kushuka, 104. Gramu 24 zilikuwa maji, gawa kwa 104 ni asilimia 23. Hewa ya ndani huku kwetu, tuseme unyevu wa asilimia 65 na joto la 25, inataka mbao itulie kwenye kama asilimia 12. Kwahiyo hiyo kavu ya mdomoni bado ilikuwa na karibu mara mbili ya maji yanayotakiwa. Na juu ya asilimia 20 ndo ule ukungu wa bluu unakaa kwa raha. Mzee wangu alikuwa anaweka mbao ulimini kusikia ubaridi, na alikuwa anapatia, lakini mimi ulimi wangu haujafika huko, mizani inanitosha.

Mama akaniuliza swali moja tu, utanitengenezea au nitafute mtu. Nikamwambia nitatengeneza, kazi ni yangu, mbao tugawane. Akasema mbao nalipa mimi kwasababu mimi ndo nililia nataka nyeupe. Sikukubali yote, tukagawana nusu kwa nusu, na nikamwomba miezi mitatu, sio wiki tano.

Milango miwili iliyotoboka nilichoma moto kila kitu isipokuwa bawaba. Mingine miwili haikuwa na tundu lakini fremu zake zilikuwa krimu tupu, nikapima na iodini nyuma, ikawa nyeusi, nazo nikazivunja. Iliyobaki miwili ilikuwa ya moyo karibu yote, ukanda mweupe wa vidole viwili tu kwenye fremu. Nikaiacha na kuukwangua vanishi ule ukanda, nikaupaka maji ya boraksi yaliyochanganywa na asidi ya boriki mara tatu, ikakauka, nikarudishia vanishi. Dawa hii inaingia vizuri mbao ikiwa mbichi, kwenye kavu inaingia juu juu, kwahiyo kwenye hiyo miwili sina uhakika wote.

Mbao mpya nilienda kuchagua mwenyewe na chupa ya iodini mfukoni na nikachukua zile zile za kushoto, za waridi, zilizopasuliwa kuelekea moyoni, hata kama ni nyembamba ikabidi niunge mbili kupata paneli. Pembeni palipobaki weupe tulikata palepale yadi, hatukubeba hata kipande. Karakana nikazipanga na vijiti vya inchi moja, zote za unene mmoja na zimenyooka mstari mmoja juu hadi chini, mawe juu yake, upepo unapita. Wiki kumi. Kipande cha kupima kikasoma gramu 117, baada ya oveni 103, asilimia 13 na nusu hivi, nikasema sasa tunaweza kuongea.

Rangi ndo ilikuwa hofu yangu. Waridi sio ile picha ya simu. Nikatengeneza vibao vitatu: kimoja vanishi ya maji peke yake, kimoja nimeitia rangi nyeupe kidogo sana, kijiko cha chai kwenye lita, kingine vijiko viwili. Nikavipeleka kwake nikaviegemeza ukutani sebuleni, kwenye kivuli cha lile jiwe, tukaviangalia asubuhi, mchana na jioni taa ikiwa imewashwa. Kwenye karakana kile cha vijiko viwili kilikuwa kizuri, kwake kikawa kama kimepakwa chokaa na magamba yamepotea. Alichagua cha kijiko kimoja. Ni rangi ya chai ya maziwa yenye maziwa mengi, na saa kumi jua likigeuka upande wa ziwa yale magamba yanawaka mlango kwa mlango. Binti yake alipokuja kutembea alidhani tumebadilisha kabati zima.

Milango minne mipya ilifungwa mwezi wa sita. Chini ya kabati nimetandika ukanda wa karatasi nyeusi, na ile miwili ya zamani nimeizungushia penseli kila kidoti ambacho naweza kukitilia shaka na kuandika tarehe pembeni. Mama anaangalia kila Jumapili baada ya kutoka kanisani, ananitumia picha WhatsApp bila maneno, karatasi nyeusi tu. Jumapili iliyopita ilikuwa safi. Februari haijafika.